Padri Rehani na Wafu wa Miono

Padri Habili Rehani aliingia Miono mwaka 1885, watu wakiwa bado wembamba kwa njaa ya mwaka uliopita. Alikuja kwa miguu kutoka Saadani, yeye na mkewe Sikuzani, na wapagazi wawili waliochukua sanduku la vyombo vya useremala na furushi la vitabu. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Jumbe Mwinjuma, mkuu wa kijiji, akavua viatu, akainama.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba," alijibu Mwinjuma, macho yake yakiwa kwenye sanduku.

Kando ya Jumbe alikuwa ameketi Bwanausi, mwalimu wa chuo, ambaye ndiye aliyesomesha watoto Kurani na kusalisha msikitini. Umri wake na wa Rehani ulikuwa mmoja. Rehani akamgeukia.

"Sabalkheri, mwalimu."

Bwanausi hakuitika. Siku hizo shikamoo haikuwa adabu ya mdogo kwa mkubwa tu. Ilikuwa pia salamu ya mtumwa kwa mwungwana, nashika miguu yako, hata kama mwungwana mwenyewe ni mtoto wa juzi. Na habari za Rehani zilikuwa zimeshafika Miono kabla yake: kwamba huyo padri wa Waingereza, na kanzu yake na vitabu vyake, alikuwa mtumwa wa nyumba moja ya Dunda, kule Bagamoyo.

"Mtumwa hampi mwungwana sabalkheri," Bwanausi alisema mwishowe. "Anza tena."

"Nimekusalimu kama ninavyomsalimu mtu wa rika langu," alisema Rehani. "Ukitaka kuitika, itika. Usipotaka, mimi nimeshasalimu."

Mwinjuma angependa kumrudisha papo hapo alikotoka, lakini wakubwa wa pwani walikuwa wamemwandikia ampe padri mahali pa kukaa, naye hakutaka kugombana nao. Alimpa mahali. Palikuwa jaani, nyuma ya nyumba za mwisho, ambapo watu walitupa majivu na mifupa ya samaki. Sikuzani alifagia siku nne kabla hawajaona udongo.

*

Rehani hakulikumbuka jina alilopewa na mama yake. Alikumbuka maji mengi ya ziwa, na nyavu zimeanikwa, na mtu mrefu ambaye huenda alikuwa baba yake. Alikamatwa akiwa na miaka kama sita, akatembezwa mpaka pwani, akanunuliwa na Bi Mwanvita wa Dunda, mjane mwenye nyumba ya mawe. Bi Mwanvita alipenda kuotesha rehani penye dirisha lake, akamwita mtoto kwa jina la ua hilo.

Kazi zake zilikuwa kuteka maji, kufagia ua, na kumpeleka chuoni Alawi, mtoto wa kiume wa nyumba ile. Alawi alikaa ndani na ubao wake. Rehani alikaa kizingitini, ameshika viatu vya Alawi, na alichokisikia hakikumtoka tena kichwani. Alawi alipokuwa bado anahangaika na sura fupi, Rehani alikuwa amekwisha kuhifadhi Yasini yote, ingawa hakuna aliyemtaka aisome.

Akiwa na miaka tisa ndui iliingia nyumbani. Bi Mwanvita alimlaza juu ya majani ya mgomba yasimchubue vidonda, akamnywesha uji kwa mkono wake mwenyewe siku kumi na tatu. Alipona, uso umejaa makovu. Miaka minne baadaye, asubuhi moja, Bi Mwanvita huyo huyo alimwita uani, akampa kipande cha mkate wa mofa, akamwambia amfuate mtu aliyesimama mlangoni. Mtu yule alikuwa amemnunua kwa ajili ya mashamba ya Pemba. Bi Mwanvita alitaka kumwoza binti yake, na harusi ina mambo mengi.

Chombo hakikufika Pemba. Manowari ya Waingereza ilikikamata njiani, na Rehani akapelekwa Unguja, kwenye misheni. Wamisionari hawa hawakuwa wale mapadri wa Kifaransa wa Bagamoyo. Walikuwa Waprotestanti, na mtu wao mweusi aliyewekewa mikono ya upadri aliweza kuoa. Rehani alijifunza useremala, akajifunza kusoma, akabatizwa Habili. Alimwoa Sikuzani, aliyeokolewa kwenye chombo kingine na ambaye hakuogopa kumwambia mtu yeyote jambo lolote. Alipowekewa mikono aliulizwa angependa kutumwa wapi. Akasema, bara ya Bagamoyo. Wakubwa wake walidhani amesema hivyo kwa upendo.

Hakuwa na upendo na nchi ile. Alitaka watu wa kule wamwone amesimama. Kwa miaka ishirini ule mkono uliomlisha uji na ule uliompa mkate wa njiani ilikuwa mkono mmoja, naye hakujua amfanye nini mwenye mkono huo katika sala zake. Alihubiri msamaha vizuri sana. Nyumba ya Dunda aliipitia mara mbili bila kugeuza shingo.

*

Pale Miono hakupiga kengele wala kusimama sokoni na kitabu. Alisema kwamba mtu asiyetaka kuitika salamu yako hawezi kutaka mahubiri yako. Alitengeneza milango, vinu na mbuzi za kukunia nazi. Mwenye donda alimwosha kwa maji ya moto na chumvi, na wakati wa kumfunga kitambaa alimweleza Yesu ni nani, kwa maneno machache, kisha akamwacha aende zake. Jumapili alisali na Sikuzani, wawili tu, mlango wazi.

Watu walichukua milango, lakini hawakumpenda. Wanawake walimwaga maji ya mtungi wowote uliogusana na mtungi wa Sikuzani kisimani, wakateka upya. Aliyefungwa donda na padri alikuwa anafungua kitambaa kabla hajafika kwake, asionekane nacho. Kwa mwaka mzima mtu mmoja tu, bikizee asiye na jamaa, alikuja kusikiliza sala, na ndugu wa bwana aliyemmiliki zamani walimchapa mpaka akaacha.

Kisha Rehani mwenyewe akaharibu mambo.

Alikuwa akipita na ubao begani mbele ya nyumba ya Bwanausi, saa ya chuo. Barazani walikuwapo watoto, na wazee wanne waliokuja kusikiliza. Bwanausi alimwona, akawaambia wanafunzi wake kwa sauti, "Mtazameni kafiri huyo. Amekulia nyumba ya Waislamu, na hata Fatiha haijui." Akaendelea kuwasomea Yasini. Huenda ni hasira iliyomfanya aruke aya mbili.

Rehani aliuteremsha ubao. Akasimama palepale juani, akasoma kwa ghibu, kwa sauti ya chuo cha Dunda, kuanzia aya iliyotangulia zile zilizorukwa, akazipita, akaenda mbele mpaka alipoona uso wa Bwanausi umebadilika rangi. Mmoja wa wazee alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa utamu wa kisomo, akajishika. Rehani akaupandisha ubao begani, akaenda zake.

Sikuzani alikuwa ameshapata habari kabla hajafika.

"Umefurahi?" alimwuliza.

"Aliniita mjinga. Nimemwonyesha."

"Umempiga kofi kwa Kurani yake mwenyewe, mbele ya watoto anaowafundisha. Mtu yule hatakusamehe. Ningekuwa mimi, nisingekusamehe."

Rehani alichukua randa akaanza kulainisha ubao. Alijua kwamba mkewe amesema kweli, lakini jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu afike Miono, alikula chakula chake kwa hamu.

*

Mwaka uliofuata ndui iliingia na wapagazi wa msafara uliotoka bara. Katika majuma mawili nyumba tisa zilikuwa na wagonjwa. Watu walitazama makovu ya Rehani wakapata la kusema: padri aliuleta ugonjwa sandukuni mwake. Walimpaka mlango kinyesi cha ng'ombe. Mwinjuma aliamuru wagonjwa wote watolewe kijijini, wapelekwe kwenye banda kubwa la mahindi lililobaki tupu tangu njaa. Siku ya pili alikuja mwenyewe mpaka karibu na jaa, akasimama mbali, amejifunika pua kwa ncha ya kilemba.

"Wewe ulishaugua," alisema.

"Ndiyo, Jumbe."

"Kuna watu saba bandani. Hakuna wa kuwapa maji."

"Wapo wanane. Nimetoka huko sasa hivi."

Mwinjuma alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya, kisha akarudi alikotoka bila kuaga.

Sikuzani hakuwahi kuugua ndui, kwa hiyo Rehani alimkataza kukaribia. Sikuzani alipika uji akauacha njiani, nusu ya masafa, mume akaja kuuchukua. Rehani alikata majani ya mgomba, akawalaza watu juu yake, akawanywesha, akawafukuzia nzi. Alijua kazi hiyo kwa kuwa alifanyiwa yeye. Kila alipoinua kichwa cha mgonjwa kwa kiganja alimkumbuka Bi Mwanvita, na kila alipomkumbuka alikasirika, na mikono yake ikaendelea kufanya kazi.

Wa kwanza kufa walikuwa wameburutwa kwa kamba na kutupwa shimoni, maana hakuna aliyethubutu kuwagusa. Rehani alikataa hilo. Kule Dunda alichukua maji katika misiba mingi, alijua maiti wa Kiislamu anavyooshwa, upande wa kulia kwanza, na anavyovikwa sanda. Alimpelekea Mwinjuma habari kwamba anataka bafta, kitambaa cheupe cha sanda, na bafta ikaletwa, ikatupwa njiani. Aliwaosha wanaume, na wanawake aliwaosha juu ya nguo, macho yamegeuka. Kuwasalia kwa Kikristo hakutaka, kwa sababu hawakuwa Wakristo. Kuwasalia kwa Kiislamu hakuweza, kwa sababu yeye hakuwa Mwislamu. Alichimba kaburi akawaweka, akaondoka nyuma ya banda. Ndipo Bwanausi, aliyesimama hatua mia, mahali ambapo upepo haumletei ugonjwa, aliwasalia kwa mbali na kwenda zake.

Walifanya hivyo kwa maiti kumi na mmoja. Rehani, akiwa ameshika jembe, alimtazama mwenzake amesimama safi katika kanzu yake, na moyoni alimwambia maneno ambayo padri hapaswi kuyasema. Alitaka Bwanausi aone. Zaidi ya sala, alitaka hilo.

Maiti wa kumi na mbili hakusaliwa na mtu, kwa sababu siku ile Bwanausi hakuja. Kesho yake mkewe, Mize, alimleta, amemshika kwapa, mpaka ukingo wa shamba palipokuwa banda. Alimwachilia mumewe kama mtu anayetua mzigo wa mwingine, akarudi nyuma, akakaa chini palepale kwenye majani, hakuondoka.

*

Bwanausi aliugua vibaya. Siku ya sita vipele viliungana usoni, akawa haoni. Alikunywa maji aliyopewa bila kuuliza ni mkono wa nani. Jioni alizungumza.

"Rehani."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina.

"Nasikia."

"Nikifa, usinioshe."

Rehani aliweka kata chini. "Nimeosha kumi na wawili, mwalimu. Wewe ulisimama kule kwenye upepo mzuri."

"Wale hawakukuambia kitu. Mimi nakuambia. Nilikuwa mwoga, sikatai. Mungu ataniuliza, si wewe. Lakini mikono yako sitaki."

"Ni nani basi? Hakuna mtu wa kijiji chako atakayeingia humu."

"Kule Mkange yuko mwoshaji, Mwinyimvua. Aliugua zamani kama wewe."

"Mkange ni mwendo wa nusu siku. Nani atakwenda?"

Bwanausi aligeukia ukuta. Alikuwa amekwisha kusema alilotaka, na kuomba hakukuwamo.

Rehani alitoka nje. Hasira yake ilikuwa kubwa hata akatembea mpaka kwenye makaburi na kurudi, akatembea tena. Angeweza kumwosha. Nani angejua? Mtu mwenyewe angekuwa maiti. Na hapo ndipo alipoona kinachomtamanisha: alitaka kumshika Bwanausi wakati hawezi kukataa. Aliona jambo hilo wazi kama mtu anavyoona uso wake kwenye maji, na halikumpendeza. Bi Mwanvita alimlisha bila kumwuliza, akamwuza bila kumwuliza.

Alfajiri alimwita Sikuzani kwa sauti kutoka njiani. "Mwalimu hataki nimwoshe akifa. Nakwenda Mkange. Weka uji ukingoni, wenye nguvu wataufuata. Usiingie."

"Unakwenda kumtafutia yule mtu mwoshaji?"

"Ndiyo."

"Kuna wagonjwa tisa mle."

"Nitarudi kabla jua halijazama."

Mwinyimvua wa Mkange alikuwa mzee mwenye makovu mengi kuliko ya Rehani, akilima muhogo. Alimsikiliza hata mwisho akiegemea jembe.

"Kafiri anakuja kunituma nikamwoshe Mwislamu," alisema.

"Yeye ndiye anayekutuma. Mimi nimechukua maneno tu."

"Na wewe unapata nini?"

Rehani alifikiri. "Sipati kitu. Hanitaki."

"Vizuri," Mwinyimvua alisema. "Nitakuja. Ila usitangulie mbele yangu njiani, na nikifika uondoke pale mpaka nimalize. Sitaki kukuona."

Walitembea nusu siku, mzee mbele na padri nyuma.

Walipofika waliona mlango wa banda uko wazi, na Sikuzani yumo ndani, kichwa cha msichana mmoja kiko mapajani mwake. Hapakuwa na mgonjwa mwenye nguvu ya kuufuata uji. Walilia maji tangu asubuhi, naye Sikuzani alivumilia kusikia mpaka saa nne, kisha akaingia. Bwanausi alikuwa amefariki adhuhuri. "Sikumgusa," alimwambia mumewe. "Nilikumbuka uliyoniambia."

Mwinyimvua alimwosha, akamvika sanda, akamsalia, akamzika. Rehani alikaa nyuma ya jaa lake mpaka yakaisha.

*

Siku ya kumi na mbili tangu aingie bandani, Sikuzani alishikwa na homa. Alipona, lakini ndui ilimharibu macho yote mawili. Alipojua kwamba haitakuwa vinginevyo alimwambia mumewe, "Ulikwenda kutunza heshima ya adui yako, na mimi nikaingia mahali pako. Ulifanya sawa. Nami nilifanya sawa. Lakini usinitake nikuambie kwamba sina uchungu." Tangu hapo akawa haongei naye ila kwa haja.

Ndui ilipokwisha, wazee wa Miono waliketi barazani kwa Mwinjuma wakamwita Rehani. Maneno yalikuwa kwamba padri alimuua mwalimu kwa sababu ya ugomvi wao, akamnywesha kitu katika maji, na kwamba alimwosha kwa mikono yake ili aharibike akhera. Vijana wawili walikuwa na mapanga.

Mize alikuwapo, amejifunika kaniki, nyuma ya nguzo. Mwinjuma alimwuliza ana nini la kusema.

"Nilikaa shambani siku saba," alisema Mize. "Aliyemwosha mume wangu ni Mwinyimvua wa Mkange. Padri hakumgusa baada ya kufa. Maji aliyompa aliyateka nje mbele ya macho yangu, akayanywa na yeye, kata moja. Nimemaliza."

"Kwa hiyo unamtetea?"

"Simpendi. Alimdhalilisha mume wangu mbele ya watu. Nimesema nilichokiona."

Vijana wakaweka mapanga chini. Mwinjuma alizungumza na wazee kwa sauti ya chini, kisha akatoa hukumu: Rehani asidhuriwe, ila aondoke kabla ya Ijumaa, na nyumba yake ichomwe moto.

Rehani alimgeukia Mize. "Ni kweli nilimdhalilisha," alisema. "Nisamehe."

"Sikusamehe," alisema Mize, akatoka.

Rehani aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa upande ule mwingine wa msamaha, upande wa anayeomba akanyimwa, akaona kwamba Mize hakuwa amekosa.

Kule Unguja mkubwa wa misheni alikuwa na barua ya habari za Miono mezani. Aliuliza ni wangapi waliobatizwa.

"Hakuna, bwana."

"Na ni kweli kwamba ulitembea nusu siku kumleta mtu wa msikitini aje asalishe kwenye banda ulilokuwa ukilisimamia wewe?"

"Ni kweli."

"Tulikutuma kuwatoa katika dini yao, Habili. Hatukukutuma kuwahudumia ndani yake."

"Alikuwa anakufa, bwana, na alinikataa. Sikuona njia nyingine ya kumheshimu."

Mkubwa alimwondolea kazi ya upadri kwa mwaka mmoja, akamrudisha kwenye karakana. Rehani alitengeneza madawati. Jioni alimsomea Sikuzani Zaburi, na baada ya miezi kadhaa Sikuzani alianza kumkosoa anaposoma haraka, Rehani akajua kwamba sasa wanaongea.

Mwanzoni mwa mwaka 1888 aliitwa tena. Walitaka mtu wa kwenda Kerege, kusini ya Bagamoyo, na hakuna padri mwingine aliyekubali. Rehani alisema atamwuliza mkewe kwanza, jambo ambalo mkubwa hakulizoea.

Sikuzani alikuwa akichambua mchele kwa vidole.

"Huko Kerege wanatuchukia?" aliuliza.

"Bado hawatujui."

Aliokota jiwe moja dogo, akalitupa, akalisikiliza linaangukia wapi. "Basi nami nitakuambia neno. Safari hii mahali pa kujenga nachagua mimi. Kisima kiwe karibu."

Walifika Kerege siku ya pili baada ya kushuka Bagamoyo. Jumbe wa pale aliwaonyesha pori la miiba. Sikuzani alikataa, akauliza maji yako wapi, akasimama na fimbo yake mpaka wakaonyeshwa pengine. Rehani alitua sanduku, akatoa jembe, akaanza kuchimba shimo la choo.